Je, Jasho Laweza Kutuonya Kuhusu Figo?

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako. Ninachoomba ni masikio tu. Na kama mnasoma kijitabu hiki katika chama chenu, mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

Leo tunazungumza kuhusu figo. Lakini nitaanzia kwenye mkono wa mama mmoja.

Mama huyu ana miaka 40 na kitu, na ana ugonjwa wa presha. Kwa miezi mitano hakuonekana kliniki. Siku aliyorudi, alimleta mjukuu aliyekuwa na homa. Hakuja kwa ajili yake mwenyewe. Nikamwuliza, "Mama, mbona umetupotea? Dawa za presha siku hizi unazipata wapi?" Akacheka, akakunja mkono wa sweta, akanionyesha saa nyeusi inayong'aa. "Sista, kijana wangu alinitumia hii kutoka Doha. Inapima moyo, inahesabu hatua, na ameniambia siku hizi kuna za kupima hata figo kwa jasho. Kila asubuhi naiangalia. Haijanionyesha ubaya wowote, kwa hivyo dawa niliziacha."

Nilimpima presha. Ilikuwa 178 kwa 110. Nikampa kikopo, akaleta mkojo, nikachovya kijiti cha kupimia. Sehemu ya protini, ambayo huwa ya manjano, ikageuka kuwa ya kijani. Na saa mkononi ilikuwa bado inasema yote ni sawa.

Yaliyofuata nitawaambia baadaye. Kwanza tuulizane: je, yule kijana alimdanganya mamake? La, hakumdanganya kabisa. Ni kweli wanasayansi wanatengeneza vifaa vya kuvaliwa mwilini ambavyo husoma jasho ili kujua hali ya figo. Lakini kitu kinachojaribiwa katika maabara ni kimoja, na kitu kinachoweza kukulinda wewe na mtoto wako leo ni kingine. Tuvitazame vyote viwili, pole pole.

Figo hufanya kazi gani?

Kila mtu kwa kawaida huzaliwa na figo mbili. Ziko upande wa nyuma, chini ya mbavu, moja kila upande wa uti wa mgongo. Ukikunja ngumi yako, ukubwa wa figo ni kama hivyo. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo sana vinavyokaribia milioni 1.

Fikiria kichujio chako cha chai. Majani hubaki juu, chai hupita. Figo nazo huchuja damu usiku na mchana. Kwa siku moja zinachuja maji yapatayo lita 180 kutoka katika damu. Hayo ni kama mitungi 9 ya lita 20. Karibu maji yote hayo hurudishwa mwilini, na kinachobaki, kama lita 1 hadi 2, ndicho mkojo. Ndani ya mkojo huo hutoka taka za mwili. Taka moja huitwa urea, na hutokana na protini tunayokula. Nyingine huitwa kreatinini, na hutokana na kazi ya misuli.

Mbali na kuchuja, figo husaidia kurekebisha presha, kupima chumvi na maji mwilini, kuamsha mwili utengeneze damu, na kuimarisha mifupa. Ndiyo maana mtu mwenye figo mbovu aweza kuwa na presha ya juu, upungufu wa damu na kuvimba miguu, yote kwa wakati mmoja.

Kwa nini ugonjwa huu hujificha?

Mama, jino likioza utaumwa. Sikio la mtoto likiugua atalia usiku kucha. Lakini figo zikiharibika kidogo kidogo, mara nyingi haziumi. Vichujio vingine vikifa, vilivyobaki hufanya kazi ya wenzao. Mtu anaendelea kulima, kuuza sokoni, kubeba maji, na hajui lolote.

Hata kipimo cha kreatinini katika damu chaweza kuonekana cha kawaida mpaka karibu nusu ya kazi ya figo iwe imepotea. Wakati mtu anapoanza kutapika, kuwashwa mwili mzima, kukosa pumzi na kuvimba uso, mara nyingi ugonjwa umeshafika mbali. Hapo tunazungumzia kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 2 au 3 kila wiki, karibu saa 4 kila mara, au kubadilishiwa figo. Hata pale ambapo SHA inalipia mashine, nauli ni yako, na siku za kazi zinazopotea ni zako.

Ndiyo sababu dunia nzima inatafuta njia rahisi ya kugundua ugonjwa huu mapema, na ndiyo sababu wanasayansi waligeukia jasho.

Jasho na figo zina uhusiano gani?

Ngozi yako ina vitundu vya jasho vipatavyo milioni 2 hadi 4. Jasho ni maji zaidi, lakini ndani yake kuna chumvi, potasiamu, urea, na vitu vingine kwa kiasi kidogo sana. Kwa kuwa jasho hutokana na maji ya mwili, baadhi ya taka zilizo katika damu hupatikana pia katika jasho.

Madaktari wa zamani waliliona jambo hili kwa macho yao. Mgonjwa ambaye figo zake zilikufa kabisa, na ambaye hakupata matibabu, aliweza kutokwa na chembechembe nyeupe usoni na shingoni jasho lilipokauka. Ile ilikuwa urea. Siku hizi hali hiyo ni nadra pale penye mashine za kusafisha damu. Usishtuke lakini ukiona alama nyeupe kwenye nguo baada ya kulima juani. Hiyo ni chumvi ya kawaida ya jasho.

Hapa nirekebishe jambo moja ambalo nalisikia mara kwa mara. Wako wanaosema kwamba mtu akijifukiza na kutoka jasho jingi, figo zake husafika. Si kweli. Jasho haliwezi kufanya kazi ya figo. Ukitoka jasho jingi bila kunywa maji, damu inayofika kwenye figo hupungua, na figo huumia.

Kupima ugonjwa kwa jasho si jambo geni katika hospitali. Mwaka 1948 kulikuwa na joto kali katika jiji la New York, Marekani. Watoto wenye ugonjwa wa kurithi unaoziba mapafu kwa makohozi mazito walizidiwa na joto kuliko watoto wengine. Daktari Paul di Sant'Agnese alifuatilia jambo hilo, na mwaka 1953 yeye na wenzake walieleza kwamba jasho la watoto hao lina chumvi nyingi kupita kiasi. Mwaka 1959 Gibson na Cooke walieleza njia salama ya kumtoa mtoto jasho kidogo mkononi kwa dawa na umeme hafifu, bila kumtia kwenye joto. Mpaka leo kipimo hicho hutumiwa kutambua ugonjwa huo. Kwa hivyo jasho laweza kusema kweli, kama linaulizwa swali linaloliweza.

Kibandiko cha jasho hufanya kazi vipi?

Kuna namna mbili kubwa. Ya kwanza ni kibandiko laini kama plasta, kinachogandishwa mkononi au kifuani. Chini yake kuna vitundu vidogo. Jasho huingia humo na kupita katika mifereji myembamba kama uzi. Kila mfereji huishia kwenye kijishimo chenye kemikali yake. Jasho likifika, rangi hubadilika. Kadiri rangi inavyokolea ndivyo kitu kinachopimwa kilivyo kingi. Mtu hupiga picha kwa simu, na simu husoma rangi.

Namna ya pili hutumia umeme mdogo sana. Kemikali iliyo kwenye kifaa hukutana na kitu fulani katika jasho, kwa mfano urea, na mkutano huo hutoa alama ya umeme. Alama hiyo hutumwa kwenye simu.

Mwaka 2016 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Marekani, walionyesha ukanda wa kuvaliwa mkononi au kichwani. Uliweza kupima sukari, asidi ya misuli, sodiamu, potasiamu na joto la ngozi kwa wakati mmoja mtu akiendesha baiskeli. Mwaka 2019 kundi la John Rogers wa Chuo Kikuu cha Northwestern, pia Marekani, lilieleza kibandiko kinachopima urea na kreatinini katika jasho, na lengo likiwa ni ugonjwa wa figo hasa. Jambo zuri katika kazi yao ni kwamba hawakuhitaji mtu akimbie. Walikusanya jasho la mtu aliye katika maji ya moto ya kuoga. Walifikiria watoto wachanga na wazee, ambao huwezi kuwaambia wakimbie ili watoe jasho.

Na mwaka 2021 kibandiko cha jasho kilianza kuuzwa Marekani kwa wanamichezo, ili wajue wamepoteza maji na chumvi kiasi gani. Hicho hakipimi ugonjwa wa figo. Nakitaja kwa sababu matangazo ya vifaa kama hivyo hutufikia kwa simu, na mtu aweza kudhani vyote ni kitu kimoja.

Wewe mama unayemshika mtoto akilia wakati wa kutolewa damu, unaelewa mara moja faida ya kifaa cha namna hii. Hakuna sindano. Na mgonjwa anayesafishwa damu angeweza siku moja kujua hali yake akiwa nyumbani, kati ya siku moja ya mashine na nyingine. Ni tumaini jema, wala silidharau.

Kwa nini hakijafika kliniki yetu?

Sababu ziko kadhaa, na ni vizuri uzielewe, ili mtu akija na kifaa cha kuuza ujue la kumwuliza.

Kwanza, jasho hubadilika. Ukiwa umeketi kivulini linakuwa hivi, ukiwa unapalilia mahindi saa sita mchana linakuwa vingine. Likitoka kwa kasi, viwango vya vitu vilivyomo hubadilika hata kama figo zako hazijabadilika.

Pili, kreatinini iliyo katika jasho ni kidogo mno kuliko ile ya damu. Ni vigumu kuipima sawasawa, na ni vigumu kusema kiwango fulani cha jasho kina maana gani kwa damu. Urea ni afadhali, lakini urea nayo hupanda na kushuka kwa sababu ya chakula na upungufu wa maji.

Tatu, ngozi ina uchafu wake. Mafuta ya kujipaka, sabuni, vumbi na jasho la jana huweza kuharibu kipimo.

Nne, wale tunaotaka kuwapima zaidi ndio mara nyingi hawatoki jasho vizuri. Mtu aliyeugua sukari kwa miaka mingi aweza kuwa na neva zilizoharibika, na jasho likapungua. Wagonjwa wa figo wenyewe mara nyingi ngozi yao huwa kavu.

Sababu ya tano ndiyo kubwa kuliko zote. Kwa watu wengi, dalili ya mapema ya figo kuharibika ni protini kuvuja ndani ya mkojo. Kichujio cha chai kikitoboka, utaona majani ndani ya kikombe kabla kichujio hakijaziba. Vivyo hivyo, protini inayoitwa albumini huanza kupita kwenye mkojo hata wakati urea na kreatinini katika damu bado ni za kawaida. Kibandiko kinachopima urea katika jasho hakioni uvujaji huo. Yule mama wa saa, hata kama mkononi angekuwa na kibandiko chenyewe cha maabara, alama ya mapema ilikuwa kwenye kikopo cha mkojo.

Ndiyo maana wataalamu wa figo duniani bado wanaongozwa na vipimo viwili: mkojo na damu.

Vipimo tulivyo navyo leo

Cha kwanza ni presha. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi, ikirudiwa na kuonekana tena, inahitaji kushughulikiwa. Presha huharibu figo, na figo mbovu hupandisha presha. Huo ni mduara mbaya, na unakatwa kwa dawa. Kwa mama mjamzito, presha ya kiwango hicho isingoje tarehe ya kliniki. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Tangu mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii nchini Kenya wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine ya presha na kifaa cha kupima sukari. Akipita kwako, usimwambie una kazi. Keti akupime.

Cha pili ni mkojo. Kijiti kinachovywa kwenye mkojo, na baada ya dakika moja au mbili tunasoma rangi. Mkojo wa asubuhi ndio mzuri. Acha ule wa kwanza utoke, kisha kinga wa katikati. Usikinge ukiwa katika hedhi, na utuambie kama una homa au maumivu ya kukojoa, kwa sababu hayo yaweza kuonyesha protini kwa muda tu. Kijiti kikionyesha protini, tunarudia. Hospitali kubwa hupima albumini yenyewe. Ikifika miligramu 30 au zaidi kwa kila gramu ya kreatinini ya mkojo, si kawaida.

Cha tatu ni damu. Maabara hupima kreatinini, kisha kwa kutumia umri wako na jinsia yako hukadiria figo zinachuja kwa kiwango gani. Kiwango kikiwa chini ya 60 kwa miezi 3 au zaidi, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Kikishuka chini ya 15, figo zimeshindwa.

Angalia neno hilo, miezi 3. Kipimo kimoja hakitoshi kukuhukumu, wala kipimo kimoja kizuri hakitoshi kukuacha ulale miaka kumi.

Ni nani apimwe kila mwaka?

Pimwa figo angalau mara moja kwa mwaka kama una presha, kama una sukari, kama unaishi na virusi vya UKIMWI, kama una ugonjwa wa selimundu, kama katika familia yenu kuna aliyeugua figo, au kama umetumia dawa za maumivu kwa muda mrefu.

Na wewe mama uliyepata presha kali, au presha yenye protini kwenye mkojo ulipokuwa mjamzito, sikiliza vizuri. Wengi huambiwa, "Ukishajifungua itaisha." Mara nyingi presha hushuka, ni kweli. Lakini mama aliyepitia hali hiyo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata presha na ugonjwa wa figo miaka ya baadaye. Usiweke kile kijitabu cha mama na mtoto chini ya godoro. Kipeleke kliniki, useme, "Mimi nilipata presha ya mimba, nataka kupimwa." Na kama una mimba sasa, usikatae kutoa mkojo kliniki. Kile kikopo kinaweza kuokoa wawili.

Watoto je?

Figo za watoto pia huugua. Mpeleke mtoto kituo cha afya bila kungoja ukiona macho yamevimba asubuhi, au tumbo na miguu imejaa. Mara nyingi watu husema ni usingizi au ni minyoo. Mpeleke pia kama mkojo una rangi ya soda nyeusi au chai ya rangi, hasa wiki chache baada ya kuumwa koo au kutokwa na vidonda vya ngozi. Mpeleke kama mkojo umepungua sana au una povu lisiloisha. Kama ni mtoto wa kiume na mkojo wake hutoka kwa matone au kwa kujikaza, usiseme atakua aache. Aweza kuwa na kizuizi alichozaliwa nacho, na figo zinaumia kila siku.

Mtoto anayeharisha na kutapika anapoteza maji, na figo zake zaweza kusimama ghafla. Anza maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, mara moja, endelea kumnyonyesha, na umpeleke hospitali kama hajakojoa kwa saa 6 au amelegea.

Tulinde figo vipi?

Kunywa dawa za presha na sukari kila siku, hata siku unayojisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unazinywa. Baadhi ya dawa za presha hupunguza pia uvujaji wa protini, lakini dawa hizo hazifai wakati wa ujauzito, kwa hivyo mwambie daktari mapema kama una mimba au unapanga kupata.

Punguza chumvi ya mezani na vile viungo vya pakiti vyenye chumvi nyingi. Usivute sigara. Usinunue diklofenaki au ibuprofeni dukani kila wiki kwa ajili ya mgongo au magoti. Dawa hizo zikitumiwa ovyo huumiza figo, hasa kwa mtu mwenye presha au aliyepungukiwa na maji. Na kama mtu anakuuzia dawa ya mitishamba ya kusafisha figo, usiinywe kabla ya kuuliza kwenye kituo cha afya. Mimea mingine inajulikana kuharibu figo kabisa.

Kwa wale wanaofanya kazi juani, jasho lina funzo moja la kweli. Katika nchi za Nikaragua na El Salvador, wakata miwa wengi, vijana wasio na presha wala sukari, wamepata ugonjwa sugu wa figo. Wanasayansi hawajakubaliana juu ya sababu zote, lakini kazi nzito katika joto kali na upungufu wa maji ni miongoni mwa zinazoshukiwa sana. Kwa hivyo beba maji shambani, pumzika kivulini saa za jua kali, na mtoto anayekusaidia naye anywe.

Mwisho wa habari ya yule mama

Nilimwandikia barua akaenda hospitali kubwa. Alipimwa damu, akarudia baada ya miezi 3. Kiwango chake cha kuchuja kilikuwa 52 mara ya kwanza, na 54 mara ya pili. Maana yake figo zimeumia, lakini bado zina nguvu ya kumtumikia miaka mingi zikitunzwa. Alirudishiwa dawa za presha. Mara ya mwisho nilipompima ilikuwa 132 kwa 84.

Saa ya kijana wake bado anaivaa, nami sikumwambia aivue. Ameitegesha ilie kila siku saa mbili usiku. Ikilia, mjukuu humletea maji, naye hunywa kidonge. Kwa kazi hiyo, saa ile inamfaa sana.

Mama, huenda siku moja nikakubandikia plasta ndogo mkononi, tukasoma hali ya figo bila sindano wala kikopo. Siku hiyo ikifika nitafurahi pamoja nawe. Lakini figo zako haziwezi kuingoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa figo huonekana kwenye mkojo kwanza.

Mambo ya kukumbuka

1. Ugonjwa wa figo mara nyingi hauumi mwanzoni. Kujisikia vizuri si kipimo.

2. Vifaa vya kupima figo kwa jasho bado viko katika utafiti. Ukiuziwa kimoja, kisichukue nafasi ya kliniki.

3. Pima presha, mkojo na damu. Kama uko katika hatari, pimwa kila mwaka.

4. Mtoto akivimba macho, akikojoa mkojo mweusi, au mkojo ukipungua, mpeleke mapema.

5. Usiache dawa za presha au sukari bila kuambiwa na mhudumu wa afya.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni nani kati yetu aliyepata presha alipokuwa na mimba? Amepimwa lini mara ya mwisho?

2. Ni dawa gani za maumivu tunazonunua dukani, na kwa muda gani?

3. Tukipata tangazo la kifaa cha kupima magonjwa kwa simu, tumwulize nani kabla ya kutoa pesa?

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya upungufu wa damu kwa watoto. Hadi hapo, nakutakia wewe na jamaa yako afya njema. Kwaherini.